Mwaka Kuni Zilipopanda Bei

Kwa mwanangu Mwanaidi.

Salamu zangu uzipokee ungali karibu, kabla njia ya Saadani haijaingia kati yetu. Nakuandikia mchana. Wewe uko uani kwa Mama Mkude unatiwa hina, na vicheko vyenu navisikia hapa mlangoni nilipoketi. Najua barua za kuagana watu huziandika usiku, nyumba ikishalala. Lakini mwanga wa jua haununuliwi na mafuta ya taa yananunuliwa, nami sijafika umri wa kuacha kulijali hilo. Kesho alfajiri watu wa mumeo watakuja na punda wao, patakuwa na kelele na machozi ya majirani, na mimi sitapata nafasi ya kusema neno lenye mkia na kichwa.

Sitakuandikia namna ya kuloweka kunde wala kupalia wali makaa. Hayo mikono yako inayajua, na usiyoyajua mama mkwe wako atakufundisha kwa namna ya kwao, nawe utaifuata hata kama ya kwetu ni bora. Nakuandikia kwa sababu ya neno la juzi.

Unakumbuka shangazi wa mumeo Athumani alipomaliza kunywa kahawa akasema, "Kwetu Saadani siku hizi kuni hazishikiki. Mke wa Athumani itabidi ajue thamani ya kijiti." Kisha akaitazama mikono yako. Wewe ulicheka kwa adabu, ila alipotoka uligeuka ukaniuliza, "Mama, kwani hawa wanataka mke au wanataka mchanja kuni?" Nikakujibu unyamaze, kwamba mwari haulizi hivyo. Lilikuwa jibu la mtu aliyekuwa na shughuli nyingi. Hukuuliza vibaya. Nataka nikujibu leo, na jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa hiyo tulia ulisome pole pole, hata kama utalisoma ukiwa umeshafika.

Unajua kwamba nyumba yetu iliwahi kuungua. Watu wa hapa Dunda hawaachi kulisema, hasa msimu wa upepo ukifika. Lakini wewe unalijua kama watu wanavyolisema, moto tu, miali na kelele. Ulikuwa mdogo, umeanza tu kutamka maneno sawasawa. Mimi nataka nikueleze yaliyotangulia moto, maana huko ndiko nilikokosea.

Baba yako alikuwa amekwenda bara na msafara wa pembe. Alituacha watatu: mimi, wewe, na bibi yako aliyemzaa, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kumkataa. Fedha aliyoniachia aliikadiria vizuri, kwa bei za siku ile aliyoondoka. Hakuna aliyejua kwamba mwaka ule misafara ingejazana mjini namna ile. Mingine ilishuka kutoka bara, mingine ilingoja kupanda, na kila uga ulikuwa na wapagazi, na kila kundi lina mafiga yake na chungu chake juu. Watu wote wale walikula mara mbili kwa siku, na chakula hakiivi kwa dua.

Zamani wanawake wa upande wa Makurunge walikuwa wakiingia Dunda asubuhi na mizigo ya kuni vichwani, wakipita mlango kwa mlango, nasi tukichagua. Mwaka ule wapishi wa misafara wakawa wanawangojea njiani, nje ya mji. Kuni zikawa zinakwisha kabla hazijatufikia. Mzigo uliokuwa wa pesa moja ukawa wa pesa tatu, na kamba yake ikazidi kuwa fupi. Mafuta ya nazi nayo yakapanda, kwa kuwa wageni walikuwa wakila nazi zenyewe. Makumbi na vifuu tulivyokuwa tukivitupa, watu wakaanza kuvifungia ndani.

Mtu mwenye akili angekaa chini akasema, mwaka huu si kama mwaka jana, basi na moto wangu usiwe kama wa mwaka jana. Mimi sikukaa chini. Niliwasha asubuhi kwa uji, nikawasha adhuhuri kwa chakula, nikawasha jioni tena kwa mchuzi, kila mara moto mpya, kama nilivyofundishwa kwa mama yangu tulipokuwa na watu wa kututafutia kuni. Na zaidi ya hapo ilikuwako kandili.

Ile kandili baba yako aliinunua muda mfupi kabla ya safari, ya kioo, inatumia yale mafuta ya debe yaliyokuwa bado mageni hapa. Aliitundika barazani, na wapita njia wakasema nyumba ya fulani inang'aa. Alipoondoka nikaendelea kuiwasha kila magharibi. Hapakuwa na mtu wa kuketi barazani. Mwanamke peke yake hapokei wageni, na bibi yako alikuwa hatoki. Niliiwasha ili baraza isionekane giza, watu wasije wakasema mume kaondoka na neema imeondoka naye. Nilikuwa nikikupunguzia wewe nazi kwenye uji ili taa iwawakie watu ambao hata salamu hawakunipa.

Mama Mkude alikuwa amehamia nyumba ya pili muda si mrefu, yeye na mwanawe, kutoka upande wa Vigwaza. Alichemsha muhogo akawauzia wapagazi. Leo unamwita mama mdogo na huwezi kupitisha siku bila yeye, lakini wakati ule mimi nilikuwa simwiti jina lolote. Nilisema "yule Mkwere wa muhogo." Moshi wake ulikuwa ukiingia kwetu mchana kutwa, nami nilikuwa nikikohoa kwa sauti kubwa kuliko haja, apate kusikia.

Siku moja akapiga hodi. Nikamkaribisha kwa mdomo, mguu nikauacha mlangoni. Hakuketi.

"Mwenzangu," akasema, "mimi moto wangu unawaka tangu asubuhi mpaka alasiri. Ukileta chungu chako ukakiweka pembeni ya masufuria yangu ya muhogo, kitaiva bila kijiti chako hata kimoja."

"Ahsante," nikamjibu. "Sisi tunapika kwetu."

Akaniangalia, akaangalia uani kwangu palipokuwa na vijiti vichache, akaondoka zake. Bibi yako alikuwa amesikia yote kutoka chumbani.

"Umemjibu kama aliyekuja kuomba," akaniambia. "Naye alikuja kutoa."

Moyoni nilisema, huyu mzee hajui jina la nyumba linavyolindwa. Alijua. Yeye ndiye aliyelijenga hilo jina, nami nilikuwa nimelikuta limesimama.

Baada ya hapo akapita kijana mmoja anauza magogo ya mkorosho uliokatwa karibuni, mabichi kabisa, kwa nusu ya bei. Nikaona nimepata. Ukiwa na shida, kitu rahisi kinakuja na sura ya rehema. Zile kuni hazikuwaka, zilitoa machozi tu na moshi. Hapo nikapata akili nyingine: nikazipanga juu ya uchanja, ile chaga ya miti iliyokuwa juu ya mafiga, zikaushwe na moto wa chini. Mafiga yangu yalikuwa jikoni, chini ya paa la makuti, na uchanja haukuwa mbali na makuti. Watu wengi walikuwa wakifanya hivyo kwa vijiti vichache. Mimi nilijaza hadi juu.

"Mwanangu," bibi yako akaniambia akikohoa, "unakausha kuni au unanikausha mimi?"

Nikacheka, yeye hakucheka.

Siku ya moto mafuta ya kandili yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimeteleka kunde, na kwa kuwa moto ukizimika kuuwasha upya ni kuni nyingine, nilisukuma vijiti vingi kwa mara moja ili nikirudi niukute. Nikamwambia bibi yako autazame. Nilimwambia mtu asiyeweza kusimama autazame moto. Wewe ulikuwa ukicheza na kifuu miguuni pake. Nikachukua chupa, nikaenda kwa Mhindi, na dukani nikakuta mwanamke ninayemfahamu, tukasimama tukazungumza juu ya bei za vitu. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma ule mkavu wa alasiri.

Nilisikia watu wakipiga mayowe, nikasema labda wapagazi wanapigana. Kisha nikaona moshi, nikaupima kwa macho, na miguu ikajua kabla ya kichwa. Nilikimbia hata nguo ya kichwani ikaanguka njiani. Nilipofika, jiko lilikuwa halipo tena, ni mwali umesimama mahali pake, na moto umeshapanda kwenye paa la nyumba. Nikataka kuingia. Mwanamume mmoja akanishika mkono akanipigia kelele, "Wewe mama, tupa hiyo chupa!" Nilikuwa nimeikumbatia chupa ya mafuta ya taa, naikimbiza ndani ya moto.

"Mtoto!" nikasema. "Mtoto na mzee!"

"Wametoka! Wale pale!"

Nikageuka. Bibi yako alikuwa amelala juu ya mkeka chini ya mnazi, ng'ambo ya njia, na wewe umefungwa mgongoni kwa Mama Mkude, umelala kichwa begani kwake kama umezaliwa naye. Alikuwa amevunja ua wa makuti uliotenga nyumba zetu, akaingia, akakufunga wewe kwanza, kisha akamburuta bibi yako na mkeka wake mpaka nje. Nyusi zake zilikuwa zimeungua. Mkono wake wa kushoto ule wenye kovu, ambao hukuwahi kuuliza habari zake, uliungua hapo.

Sasa sikiliza lililofuata, maana watu wakisimulia moto ule hili hulipita. Upepo ulikuwa ukielekeza miali upande wa nyumba za kusini, na nyumba ya kwanza upande huo ni ya Mama Mkude. Wanaume wakaja na miti mirefu, wakaanza kuyavuta makuti ya paa lake na kuyaangusha chini, ili moto usipate njia ya kwenda mbele. Nyumba yake haikuwa imeshika moto bado. Waliibomoa ikiwa nzima. Makuti yakaanguka juu ya masufuria ya muhogo aliouchemsha tangu asubuhi, na vumbi na masizi vikajaa humo. Yeye alisimama na wewe mgongoni akatazama, hakumzuia mtu. Mtaa ukapona. Zilizoharibika zikawa nyumba mbili, yangu kwa ujinga wangu na yake kwa ujirani wangu.

Nikamwendea. Sikujua nianze na shukrani au na msamaha. Akakufungua mgongoni akanipa.

"Nilikuambia ulete chungu," akasema, na sauti ikapanda. "Chungu tu! Nilikuomba shamba? Nilikuomba mume? Chungu!"

Akalia, nami nikalia, na watu wakaondoka wakatuacha.

Upande mmoja wa paa lake ulikuwa umesalia. Jioni ile akamshika bibi yako makwapani, akamwambia, "Mama, ingia ndani." Mimi hakuniambia kitu. Nikaingia nyuma ya bibi yako kama mzigo wake. Asubuhi yake Mama Mkude aliwasha moto, akateleka muhogo. Mimi nilikuwa nimeazima chungu kwa watu, na mtama kidogo, nikasimama mbali navyo mikononi. Hatimaye akasema bila kunitazama, "Basi weka. Unangoja nini?"

Ndivyo tulivyoanza. Usidhani tulipatana siku hiyo hiyo, Mwanaidi. Tuligombana juu ya nani atangulie kuweka chungu. Tuligombana juu ya harufu ya dagaa wake katika wali wangu. Mimi nilimwona anasukuma kuni nyingi mno, yeye aliniona nafunua funua chungu na kuupoteza moto bure, na kwa hakika wote wawili tulikuwa tukisema kweli. Siku nyingine tulipika bila kusemezana. Lakini chungu kilikuwa kikiiva. Bibi yako alitukalisha siku moja akatuambia kwamba yeye amechoka kula chakula kilichopikwa na mabubu, na Mama Mkude akacheka kwanza, nikamfuata.

Kuni zikawa nusu ya zile tulizokuwa tukizitumia kila mtu kwake, na pengine pungufu ya nusu. Tukaanza kwenda wenyewe upande wa Makurunge kuzitafuta, kwa zamu: mmoja anakwenda na shoka, mmoja anabaki na muhogo, na wewe na bibi. Mara ya kwanza nilipoingia mjini na mzigo kichwani nilijitanda nguo mpaka machoni. Hata hivyo nilijulikana. Mwanamke mmoja barazani akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, "Tazama, mke wa mwenye kandili amekuwa mchanja kuni."

Hilo neno lako la juzi, mwanangu, mimi niliambiwa kabla yako. Ndiyo sababu nilikunyamazisha haraka. Lilinigusa mahali. Nataka nikwambie lilivyokuwa: liliuma toka pale barazani mpaka kona ya msikiti, na baada ya hapo shingo ikauma zaidi. Nilipofika, Mama Mkude alinitua mzigo akauliza, "Umepata nini?" Nikasema, "Mikavu." Akasema, "Alhamdulillahi," yeye ambaye wakati ule hata hakuwa amesilimu, na tukaenda kupika. Yule mwanamke wa barazani bado yuko hai. Nilikaa matanga ya mumewe pamoja na wenzangu, na tukionana tunasalimiana vizuri. Sidhani anakumbuka.

Baba yako akarudi. Sisi tulikuwa tumepata habari kwamba msafara umeshafika ng'ambo ya mto, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikitunga maneno. Niliona ni rahisi kusema cheche zimetoka kambi ya wapagazi. Kambi ilikuwako, na hakuna ambaye angenipinga. Akafika, amekonda, ana vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya mahali pa nyumba.

"Nyumba iko wapi?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Bibi yako alikuwa ameketi pale nje kwenye mkeka. Hakunikazia macho, alikuwa anakuchana nywele wewe. Sijui ni nini kilichonishika. Nikamwambia yote: kuni mbichi, uchanja, kandili, chupa, na Mama Mkude alivyokuja kabla na mimi nilivyomjibu. Nilisema haraka kama mtu anayetapika.

Kisha akauliza, "Kandili nayo iliungua?"

"Iliungua."

"Afadhali," akasema.

Akaenda kwa Mama Mkude, akapiga hodi, akakaa naye uani kitambo. Asubuhi yake akatafuta makuti na miti kwa ujira aliorudi nao, nami nikafurahi kwamba sasa tutaezeka. Akaezeka ya Mama Mkude kwanza. Yetu ikangoja, na mvua za vuli zikaanza sisi tungali tumebanana kwa watu. Nilimkasirikia. Nilimwambia, "Mtu hujenga kwake kwanza." Akanijibu, "Kwake palibomolewa kwa sababu ya kwetu," akarudi kwenye kazi yake. Nyumba yetu ilipokwisha simama, mimi ndiye niliyemwambia baba yako asiujenge tena ule ua wa katikati. Ndiyo maana wewe umekulia kwenye uga wenye milango miwili, ukadhani nyumba zote ziko hivyo.

Ningetamani kuishia hapa, ionekane nilijifunza na mambo yakanyooka. Lakini liko jingine, na hili sijamwambia mtu kwa maneno mengi.

Baada ya moto nilikuwa hodari wa kubana. Nilibana kupita kiasi. Nilijua kila kijiti kilichokuwa uani. Nilimwaga mchanga juu ya makaa chungu kikishatoka, nikayakusanya. Taa tulizima tukishasali isha. Watu wakaanza kunisifu, na sifa, mwanangu, hulevya hata kama ni ya ubahili. Wanawake walewale wa mtaani wakawa wanakuja kuniuliza nafanyaje.

Bibi yako alikuwa akipashiwa maji kila asubuhi kwa ajili ya miguu yake. Alikuwa anayakanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto, ndipo aweze kuketi. Kipupwe cha mwaka uliofuata, siku moja kuni zilikuwa zimebaki kidogo na zamu ya Makurunge ilikuwa yangu, nami sikutaka kwenda. Nikaona moto wa asubuhi tuuruke, tule viporo. Nikampelekea maji kama yalivyotoka mtungini. Akatia kitambaa, akakitoa, akasema tu, "Leo maji yana baridi."

"Kuni chache, mama," nikamwambia.

"Haya," akasema. Akajikanda hivyo hivyo.

Kuni zilikuwako, Mwanaidi. Zilikuwa chache, lakini za kupasha kijungu kimoja zilikuwako. Na moto wa Mama Mkude ulikuwa hatua chache kutoka pale. Nilikuwa nimezoea kubana hata sikuangalia ninambana nani. Nikafanya vile tena asubuhi nyingine, na nyingine, kwa kuwa hakulalamika. Kipupwe kile kile akafariki. Haikuwa kwa sababu ya maji. Alikuwa mzee na siku zake zilikuwa zimetimia, na mganga aliyekuja alisema kifua. Nami naliamini hilo. Lakini kila mwaka baridi ikiingia, nikitia mkono mtungini alfajiri, nasikia "Haya" yake ile.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa swali lako, ninavyoweza kulijibu. Nimewasha taa kwa ajili ya watu wa njiani huku wewe ukila uji mtupu. Nimezima moto kwa ajili ya sifa huku mzee wa ndani akijikanda maji baridi. Kote kuwili nilikuwa nikiwatazama wa nje. Shangazi wa Athumani anakutaka ujue thamani ya kijiti, na ni kweli, mumeo ni mshona kanzu, mapato yake ni ya msimu, na Saadani nako misafara inapita. Kijue. Lakini uangalie na nani anaota moto huo. Mama mkwe wako nimesikia haoni vizuri jioni. Mtu asiyeona jioni anahitaji taa kuliko mgeni. Huenda mawifi zako wakaona unapoteza mafuta. Waache waseme siku moja mbili, wewe mwashie.

Na Athumani usimfiche. Mimi bahati yangu baba yako alikuwa mbali, kwa hiyo nilipata kisingizio. Wako atakuwa pale pale na sindano yake. Kibaba kikikaribia kwisha mwambie kikiwa kinakaribia. Usingoje chungu kilie. Atakasirika kidogo. Mwanamume akielezwa upungufu mapema hukasirikia upungufu. Akiukuta mwenyewe hukukasirikia wewe. Hili nalisema kwa niliyoyaona kwa wengi, si kwa kitabu, na kama Athumani atakuwa wa namna nyingine utamjua mwenyewe.

Jirani sijui utampata wa namna gani. Pengine atakuwa na maneno, pengine atakuwa mchafu wa vyombo. Akija kupiga hodi, mketishe kwanza, ndipo umsikilize.

Sasa naona jua limeshuka na wanawake wanatoka kwa Mama Mkude. Nimesikia wakikukataza kushika kitu hina isije ikaharibika, na wewe unabisha, unataka kunywa maji kwa mkono wako. Ngoja nije nikunyweshe. Ni mara ya mwisho watu wa nyumba hii watakunywesha kama mtoto.

Mtama ukishavunwa nitakuja Saadani, inshallah, mimi na mama yako mdogo, kwa miguu yetu. Ukisikia tumepiga hodi, usikimbilie kwa jirani kuazima mchele. Usimtume mtu kwenda kununua kuni za wageni. Tukalishe, utuambie habari zako za kweli, utupe mnachokula nyinyi. Na kama siku hiyo hamna kitu, mwanangu, nitazame usoni uniambie, "Mama, leo hamna." Nitafurahi kulala na njaa kwako.

Mimi mama yako,
Binti Hamadi, wa Dunda.